Ulimi Uliotoka Mkononi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na nne. Wenzangu wa wodini walinunua keki, wakaandika juu yake "Mstaafu", wakacheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha sita akauliza kuna nini. Ukweli ni kwamba nimeacha kazi. Hospitali imepata mtu aliyesomea darasani kile nilichojifunza mwenyewe kwa simu na kioo, na mimi ndiye niliyeomba aletwe. Sista Mbise, msimamizi wa wodi yetu, aliniambia nisiondoke bila kuacha maandishi kidogo kwa wanaobaki. Hii ni mara ya tano naandika. Zile nne za kwanza nilizichana, kwa sababu kila moja ilinifanya nionekane ninajua.

Barua za pongezi na semina sitazitaja, wala nani alipandishwa cheo nani akaachwa. Havijawahi kumsaidia mgonjwa kumeza. Nitaanza na siku niliyoangusha tochi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kwetu Makumira, nimepanga chumba Sombetini, na kazi niliyopewa ilikuwa uhudumu wa wodi: kudeki, kubeba vyombo, kulisha wasioweza kujilisha. Siku ya tatu Sista Mbise aliniita nimshikie taa. Kitini alikaa fundi magari mmoja wa Lemara aliyekuwa amerudi kuangaliwa, miezi minne baada ya upasuaji. Akafungua mdomo. Nikamulika. Ulimi wake upande wa kushoto ulikuwa wa kawaida, mwekundu na wenye unyevu. Upande wa kulia ulikuwa mweusi kama ngozi ya mwili, na ulikuwa na nywele.

Tochi ilinitoka mkononi ikagonga sakafu.

"Ni nywele za mkono," Sista Mbise akasema, bila hata kugeuka. "Okota tochi."

Fundi mwenyewe alicheka kwa tumbo, maana kwa mdomo ilikuwa bado kazi. Alinionyesha mkono wake wa kushoto. Juu kidogo ya kiganja palikuwa na kovu la mstatili, limefunikwa kwa ngozi nyembamba iliyotolewa pajani. Ndipo nilipoelezwa. Saratani ya ulimi ikikatwa, pengo hubaki, na pengo kubwa haliachwi hivi hivi, kwa sababu ulimi uliosinyaa hauwezi kusukuma chakula wala kugusa meno. Basi daktari bingwa huchukua ngozi ya mkono pamoja na mshipa wake wa damu, akaishona kwenye ulimi, kisha akaunganisha mshipa ule na mishipa ya shingoni kwa uzi ambao macho matupu hayauoni. Vitabu vina jina refu kwa kitu hicho. Sisi wodini tunakiita kiraka. Kiraka huishi, na hakijui kwamba kimehama. Kama mkononi kilikuwa kinaota nywele, kinywani pia kitaota.

Siku ile niliingia chooni, nikafunga mlango, nikautoa ulimi mbele ya kioo na kuushika, kisha nikajishika mkono. Nilifanya hivyo mara kadhaa. Miaka kumi na moja baadaye bado kuna asubuhi ninazoamka na kuushika ulimi wangu kabla sijafungua macho vizuri.

Niseme wazi mimi ni mtu wa namna gani, ili muelewe yatakayofuata. Mimi nikifunga kitasa narudi kukikagua. Shuka la mgonjwa likiwa na mkunjo mmoja, silali. Nilipoona kwamba wagonjwa wa kiraka wanatolewa hospitali wakiwa wazima lakini hawawezi kumeza uji wala kuitwa wakaitika, na kwamba hapakuwa na mtu wa kuwafundisha, jambo hilo lilinisumbua kama mkunjo wa shuka. Nikaanza kujifunza. Nilipakua video za Kiingereza, nikizisimamisha kila neno la tatu ili nitafute maana kwenye kamusi. Nilichora kinywa kwenye daftari, nikafuta, nikachora tena, mpaka karatasi ikatoboka. Jumapili moja niliukamata ulimi wangu kwa kitambaa cha dawa ili nijue mtu asiye na ncha ya ulimi anaongeaje, nikashinda hivyo tangu asubuhi. Mama akapiga simu kutoka Makumira, nikapokea nimesahau kuuachia ulimi. Alasiri alifika Sombetini na majirani wawili, wameshaanza maombi njiani, wakidhani nimepooza.

Sista Mbise alinifundisha mengine yote. Kiraka kibonyezwe kila saa kwa siku za mwanzo. Kikipauka, damu haifiki. Kikiwa cha zambarau, damu haitoki. Vyote viwili, mbio kwa daktari, usingoje kuandika. Vijiti vya kukandamizia ulimi vipange kimoja juu ya kingine katikati ya meno, ongeza kimoja kila baada ya siku mbili, taya litafunguka. Mtori wa ndizi uliosagwa ni mwalimu mzuri kuliko maji, kwa sababu maji yana haraka, yanashuka kooni kabla mgonjwa hajajiandaa na kuingia kwenye mapafu. Kidevu kifuani, meza, meza tena, kohoa kidogo, ndipo uvute pumzi. Baada ya kijiko, mwambie atoe sauti. Sauti ikiwa na maji ndani yake, simamisha. Yeye Sista hakuwa amesomea hayo. Aliyaokota kwa wagonjwa, na alisema hivyo hivyo: nimeyaokota.

Kwa upande wa matamshi nilikuwa peke yangu, na hapo ndipo nilipojivuna. Nilitafuta neno moja litakalopima kinywa kizima. Nilihangaika wiki tatu. Nikalipata: shikamoo. Herufi za mwanzo zinaita sehemu ya mbele ya ulimi, *k* inaita shina lake la nyuma, *m* inaita midomo, na mwisho mdomo unakuwa mviringo. Tena ni neno ambalo kila mtu analitumia kila siku. Nililiandika juu ya daftari kwa kalamu nyekundu, nikalipigia mstari kwa rula. Nikawa nasema "shikamoo", mgonjwa anarudia, mimi naweka alama: vema au kosa. Fundi wa Lemara alikuwa wa kwanza. Baada yake kondakta mmoja, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama mmoja muuza mitumba. Wote walirudia bila shida, na wote, sasa nakumbuka, walikuwa vijana. Kwa miaka mingi sikuliona hilo.

Mzee Mollel aliletwa mwaka wangu wa tisa. Kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, kule ng'ombe na mahindi vinakokaa pamoja. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko kitanda, mzee wa kanisa, na alikuwa ametafuna ugoro tangu ujana wake mpaka kidonda kilipomkataza. Alikuja na mke wake, ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama, kama watoto wake walivyomwita. Kiswahili cha Yeyo kilikuwa kizuri. Cha mzee kilikuwa cha kanisani na mnadani, anakitumia akitaka.

Jioni kabla ya upasuaji nilikuwepo Dokta Urio, daktari wetu bingwa, alipomweleza. Mzee alisikiliza yote: kukatwa kwa nusu ya ulimi, mkono, paja, tundu la kupumulia shingoni, mpira wa chakula puani. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza jambo moja. Binti yake Namnyaki anaolewa baada ya wiki sita. Baba ndiye anayembariki siku anapotoka nyumbani, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Je, siku hiyo atakuwa na mdomo?

Dokta Urio alimwambia hawezi kumwahidi. Akamwambia tutajitahidi, kisha akanitazama mimi. Niliumuka kwa fahari kama mkate. Nilikwenda nyumbani nikaandika ratiba ya wiki sita, siku kwa siku.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kiraka kilishika, kikawa na rangi nzuri tangu siku ya kwanza. Juma moja baadaye mpira wa shingoni ulitolewa na tundu likaanza kufunga, na asubuhi iliyofuata nikafika na kioo, tochi na daftari. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo," nikasema, polepole, nikionyesha mdomo.

Akasema kitu. Kilikuwa kizito, chenye mate, kama "maahaba".

Nikamwambia hapana mzee, siyo hivyo, nisikilize tena. Shikamoo. Akasema kitu kile kile, kwa bidii zaidi. Nikamwambia hapana. Nikaweka alama ya kosa. Siku ya pili ikawa vile vile. Siku ya tatu nilimshika kidevu, nikamwambia mzee, usijibu jambo jingine, wewe sema tu: shikamoo. Alinitazama. Kisha akafunga mdomo.

Hakuufungua tena mbele yangu. Nilikuja asubuhi na alasiri, siku baada ya siku. Nilibadilisha kioo. Nilijaribu kwa sauti kubwa, nikidhani masikio. Nilijaribu kumwandikia. Hofu ilinishika vibaya: je, wakati wa upasuaji damu ilipungua kichwani? Je, ubongo umeguswa? Nilirudi kwenye video zangu, nikasoma habari za watu waliopatwa na kiharusi wakawa wanarudia neno moja lisilohusika. Ikaniingia akilini kwamba ndicho nilichokiona. Siku ya kumi na moja ya mazoezi nikaandika kwenye faili, kwa mwandiko wangu mzuri: "Mgonjwa haelewi maagizo. Hurudia neno lisilohusika. Mazoezi hayawezekani."

Niliandika vizuri sana. Hilo ndilo linalonishtua mpaka leo, kwamba hakuna herufi iliyotoka nje ya mstari.

Maneno yale yalifanya kazi yake haraka. Mtu asiyeelewa maagizo hawezi kufundishwa kumeza, kwa sababu ukimwambia kidevu kifuani akainua kichwa, chakula kinakwenda kwenye mapafu. Dokta Urio alisoma, akaamua mpira wa puani utolewe na mwingine uwekwe moja kwa moja tumboni kwa upasuaji mdogo, mzee alishwe kwa huo, arudi nyumbani. Ilipangwa Alhamisi. Jumanne nilimsikia Sista Mbise akimweleza Yeyo, na Yeyo akiuliza kama mwenye mpira wa tumboni anaonja chochote. Sista akasema hapana, si lazima apitishe kitu mdomoni tena.

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa napita na mataulo. Nyuma ya pazia la Mzee Mollel nikasikia mtu akiongea Kimaa, lugha ya kwao. Ilikuwa sentensi ndefu yenye kupanda na kushuka, imelegea pembeni kama kiatu kisichofungwa kamba, lakini ni sentensi. Kisha Yeyo akacheka. Nikavuta pazia. Mzee akanyamaza.

Nikamuuliza Yeyo nani alikuwa anaongea.

"Mzee," akasema, akinishangaa. "Anaongea tangu walipomtoa ule mpira wa shingo."

Nikamwambia kwangu haongei. Yeyo akamgeukia mume wake, wakasemezana. Mzee alieleza kwa utaratibu, akihesabu kwa vidole vya mkono mzima. Mimi Mmeru, Kimaa sikijui, lakini niliona vidole vinavyohesabu. Yeyo akanitafsiria. Hakunitazama alipokuwa anasema. Alikuwa analitazama blanketi.

"Anasema wewe unamwamkia, yeye anakuitikia, wewe unamwambia amekosea. Siku ya kwanza alidhani hujamsikia. Siku ya pili akaona labda hutaki aitikie. Siku ya tatu ukamshika kidevu, ukamwambia yeye ndiye akuamkie wewe." Akakunja ncha ya blanketi. "Anauliza una miaka mingapi."

Nilifungua daftari pale pale. Ukurasa wake ulikuwa umepangwa kwa rula. Jumatatu: shikamoo, amejibu "maahaba", kosa. Jumatatu alasiri: amejibu "maahaba", kosa. Jumanne: "maahaba", kosa. Nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kila mara, na sikuwahi kuisikia. Marahaba. Mzee aliyekatwa nusu ya ulimi alikuwa ameinua kiraka cha siku nane kunijibu kwa adabu, na mimi nilimsahihisha.

Nawaandikia kwa ajili ya saa iliyofuata. Sikwenda kwa daktari. Nilikwenda stoo ya mashuka, nikakaa juu ya mzigo, nikafikiri hivi: mpira wa tumboni si kifo. Unaweza kutolewa baadaye. Nitamfundisha polepole, aendelee vizuri, watasema amepata nafuu ya ghafla. Hakuna atakayejua. Nikikiri, mimi nisiye na cheti hata kimoja cha kazi hii, nitarudishwa kwenye ndoo na dekio, na hata dekio huenda nikanyang'anywa. Nilifikiri hivyo kwa saa nzima, nikiwa na akili timamu. Nilifikiri hata kuichomoa karatasi ile kwenye faili. Niliyakunja mashuka kumi na mawili nikiwaza. Yakalingana pembe zote.

Nilichokuja kukiona pale ni kidogo tu: nilikuwa sina hofu kwa ajili ya mzee. Nilikuwa na hofu kwa ajili ya daftari.

Nikampelekea Sista Mbise. Alisoma ukurasa wote, akarudi juu akausoma tena, kwa yale macho yake ya kuhesabia dawa.

"Kwenu Makumira," akasema, "mtu mzima akiamkiwa anaitikaje?"

"Marahaba."

"Basi huyu kapata mia kwa mia. Mwalimu ndiye kafeli." Akanirudishia daftari. "Daktari yuko chumba cha mwisho. Sikusindikizi."

Dokta Urio alikuwa na orodha ya Alhamisi mkononi. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, na nilisema yote, pamoja na stoo ya mashuka, ambayo hakuiuliza. Aliniambia jambo moja, kwamba amewahi kukata kisichostahili kukatwa kwa kuamini maandishi ya mtu nadhifu. Kisha akatoka, mimi nyuma yake, mpaka kitandani. Akakunja mikono ya koti, akainama.

"Shikamoo, mzee."

"Maahaba," akasema Mzee Mollel.

Daktari akakaa kwenye kitanda. Akamwomba aweke kidevu kifuani, akaweka. Akamwomba afumbe jicho la kushoto, aguse sikio la kulia, ameze mate mara mbili, akohoe. Alifanya yote, kwa mpangilio, na mwisho akaongeza moja ambalo hakuombwa: alinyoosha kidole kwangu, kisha akakigusisha kwenye sikio lake. Yeyo akaziba mdomo kwa upande wa kanga. Daktari akalikata jina kwenye orodha kwa mstari mmoja na kuweka sahihi. Akatupa siku saba. Mzee akipata homa, au kifua kikianza kukoroma, mpira unawekwa na hakuna mjadala.

Kuomba radhi kulinishinda kwa maneno. Yeyo ndiye aliyeniambia kwao mtoto haongei sana, anainamisha kichwa. Nikainamisha. Nikasubiri, na safari hii sikusema neno. Mzee alinishika utosini kwa ule mkono wenye bandeji, mkono uliotoa ulimi, kisha akasema kwa Kiswahili chake kwamba kazi ianze.

Kwanza nilimuuliza yeye anataka maneno gani. Miaka tisa sikuwahi kumuuliza mgonjwa swali hilo. Alitaka maneno ya kumbariki Namnyaki, na yalikuwa ya Kimaa, kwa hiyo ilibidi anifundishe kwanza mimi ili nijue nasikiliza nini. Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Alichukua penseli yangu, na kila nilipokosea aliweka alama kwenye daftari langu lililopigwa rula, kubwa, ya kupinda. Sikulala vizuri kwa sababu ya alama zile, lakini nilizistahili.

Nikajifunza kwamba shina la ulimi wake, lile ambalo daktari hakuligusa, lilikuwa na nguvu ya ajabu. *Engai*, Mungu, lilitoka wazi kabisa siku ya pili. Maneno yenye *r* na *t* yalianguka, na tuliyatafutia njia, mengine kwa midomo, mengine kwa kupunguza mwendo, mengine tukakubaliana yaanguke. Kumeza tulianza na mtori wa Yeyo, kijiko kidogo upande mzima wa kinywa, kichwa kimeinamia upande huo huo. Kidevu, meza, meza, kohoa, sauti. Siku ya nne maziwa mgando. Siku ya saba homa haikuwepo, na mpira wa puani ukatolewa. Aliukabidhi kwa Sista Mbise kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Halafu akanishtua tena. Siku tuliyodhani tumemaliza, Yeyo alinieleza kwamba baraka haiishii kwenye maneno. Baba huweka maziwa mdomoni na kumpulizia binti yake kichwani, kama manyunyu. Bila hayo, amesema tu.

Mwajua kazi yetu. Miaka yote nilikuwa nawafundisha watu kuzuia kisitoke kitu mdomoni. Na zaidi ya hapo, kiraka hakina hisia. Maziwa yakikaa pale juu, mwenyewe hajui yalipo, yanaweza kuteleza kooni kabla hajaamua lolote. Nikakataa. Nilitoa sababu saba. Mzee alisikiliza zote. Nikaenda kwa Dokta Urio aniunge mkono, naye akaniambia kinywa ni cha mzee, mimi nifundishe namna ya kupunguza hatari. Basi siku zilizobaki tulisimama mbele ya sinki, mzee wa miaka sabini na kitu na mimi, tukipuliza maji kwenye kioo. Mwenzangu wa usafi aliniuliza kama na hilo nimelitoa kwenye simu.

Jumamosi ya kumtoa Namnyaki nilikwenda kwao. Nilikuwa nimealikwa, lakini ukweli ni kwamba nilikwenda kulinda. Nilikaa karibu na Yeyo, mapajani nimeweka taulo safi lililokunjwa mara nne, macho kwenye koo la mzee. Namnyaki aliletwa mbele ya mlango wa boma, ameinamisha kichwa, shanga zimejaa mpaka mabegani.

Mzee Mollel akaanza. Sentensi ya kwanza nilikuwa naijua, ikatoka. Watu wakaitikia kwa pamoja, *naai*, amina yao. Ya pili ikatoka. Katika ya tatu kuna neno ambalo lilikuwa linatusumbua tangu wodini, nalo likamsambaratikia mdomoni, mate yakatangulia. Akasimama. Nikahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Wazee waliokuwa mbele hawakumsaidia na hawakugeuza uso. Akalianza upya, likasambaratika tena vile vile, na wakaitikia *naai* kama wameletewa neno zima. Akaendelea hivyo mpaka mwisho. Yaliyotoka wazi na yasiyotoka yaliitikiwa kwa sauti moja.

Kisha akapewa kibuyu cha maziwa. Akajaza kinywa, na mara moja nikaona amejaza kupita kiasi, zaidi ya mara mbili ya kile tulichopima. Koo lake likacheza. Kidevu kilikuwa kinashuka, kikasita, na midomo ikafunguka upande mmoja tu.

Hayakuwa manyunyu. Maziwa yalimwagika kama yametoka kwenye kikombe, yakampiga binti utosini, yakashuka kwenye paji la uso, yakapita pembeni mwa pua na kuingia kwenye shanga. Mengine yalimwagikia shuka la mzee mwenyewe. Nilikuwa nimeshasimama, taulo limeshakunjuliwa, mguu mmoja umeshapiga hatua. Kitu kikanishika sketi kwa nyuma.

"Kaa," Yeyo akasema kwa sauti ndogo. "Unakwenda kufuta nini?"

Nikakaa. Namnyaki aliinua uso, maziwa yakimdondoka kidevuni, hakujifuta. Baba yake akavuta pumzi ndefu kwa pua, akaiachia. Hakukohoa.